Gari ya 2006, gereji ya dila wameniandikia vitu kumi na moja na hela yangu haifiki hata nusu, nianzie wapi?

Mwendo_Pole

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana tangu juzi sijatulia. Nina gari yangu ndogo ya 2006, injini ya sisi 1500, imetembea kilomita 187,000 na kwa kweli haijawahi kunisumbua zaidi ya betri na matairi. Wiki iliyopita ikaanza kugonga mbele kulia kila nikipita kwenye tuta, kesho yake taa ya injini ikawaka, nikasema ngoja niipeleke gereji ya dila kabisa, wenye gari yao, waiangalie kwa uhakika kuliko kubahatisha. Nimeiacha asubuhi, mchana wakanipigia nikachukue makadirio.

Ni karatasi moja imejaa juu mpaka chini. Bushi za kontrol amu za mbele (mipira ya ile mikono inayoshika magurudumu), shokapu zote nne, pedi na diski za mbele, wota pampu, belti ya nje, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini), maunti ya injini ya kulia (kishikizi chake), masega ya ekzosi yanayosafisha moshi (hii peke yake imekula robo ya bili), kusafisha injekta, kuflashi mafuta ya gia kwa mashine, na filta ya AC. Jumla yake ni kama theluthi mbili ya hela ambayo ningepata nikiiuza gari leo hii. Nilichonacho mimi ni kama robo ya hiyo bili, nikijibana sana naweza kufika theluthi.

Nikamuuliza yule dada wa mapokezi kipi ni cha haraka kuliko kingine akasema vyote ni vya lazima na kwamba hawashauri niendeshe hivyo. Sasa hapo ndo nilipochanganyikiwa, kwa sababu gari hiyo ndo inabeba watoto asubuhi na jioni na sitaki kufanya ubahili kwenye kitu kinachoweza kuwaumiza, ila pia siwezi kukopa kwa ajili ya filta na injekta. Nimelipia ukaguzi tu nikaondoka nayo. Mliopitia haya mlifanyaje? Na je nikienda kwa fundi wa nje nitajuaje na yeye hanidanganyi?

Kaunta_Namba2

Mkuu pole, tulia kwanza, ile karatasi ni makadirio, hujasaini kitu. Nimefanya kazi miaka sita mapokezi kwenye gereji ya namna hiyo hiyo nikupe picha ya ndani inavyokuwa.

Gari ikiingia fundi anapewa fomu ya ukaguzi, anapita kila kitu anaweka alama, kijani, njano, nyekundu. Njano maana yake kimeanza kuchoka ila kinafanya kazi. Ile fomu ikifika mapokezi, njano na nyekundu zote zinaingizwa kwenye kompyuta na zinatoka kwenye karatasi ya mteja zikiwa zimefanana, huwezi kujua ipi ilikuwa ipi. Hapo ndo wengi wanapoumia. Na sio kila mara ni wizi, mwenye gereji anaogopa asipokuandikia shokapu halafu ukapata ajali kesho utamrudia, kwa hiyo anaandika kila alichokiona. Lakini pia tulikuwa na malengo ya mauzo ya mwezi, na vitu kama kusafisha injekta na kuflashi gia ndivyo vilivyokuwa vinatubeba, nasema ukweli wangu.

Kwa hiyo rudi, kwa upole kabisa, omba ile fomu ya fundi yenye rangi. Ni haki yako, umelipia ukaguzi. Halafu omba makadirio yaandikwe upya, kila kitu bei ya spea peke yake na saa za kazi peke yake. Saa za kazi wanazitoa kwenye kitabu cha kiwanda, kazi fulani ni saa moja na nusu, wanazidisha na bei yao ya saa, hata fundi akimaliza kwa dakika arobaini unalipa ya kitabu. Ndo maana angalia sana kazi zinazolaliana. Wewe una wota pampu na belti ya nje, na hiyo pampu kama inazungushwa na belti ya nje basi haitoki mpaka belti itolewe, sasa kama wamekuandikia saa za pampu na saa za belti kila moja kivyake unalipia kazi moja mara mbili. Waoneshe, wataondoa. Nimeshaondolea watu wengi tu waliouliza, na wasiouliza walilipa.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui na ni cha bure. Waambie waangalie namba ya chasisi kama gari ina wito wa kiwanda ambao haujafanyika, yaani kiwanda kimeita gari zake zirudi kurekebishwa kasoro. Gari za miaka hiyo nyingi sana, za makampuni mengi tofauti, ziliguswa na wito wa eabegi za kampuni ya Takata, zile ambazo baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na eabegi ikilipuka inarusha vipande vya chuma kwa aliyekaa mbele yake, dereva au abiria. Marekebisho ya wito wa usalama kwa kawaida mwenye gari halipii, hata kama gari ni kuukuu na hata kama hukuinunua kwao. Usiondoke bila kuuliza hili, kwangu mimi ni muhimu kuliko nusu ya ile karatasi.

fundi_spana14

Mkuu mimi ni fundi, niko nje sio dila. Aliyotangulia kusema Kaunta ni kweli tupu. Mimi nikusaidie upande wa chuma, usikubali neno "imechoka", kila kitu kwenye hiyo orodha kina namna ya kuonekana kwa macho au kupimika, mwambie anayetaka kukibadilisha akuoneshe.

Tuanze na kugonga maana ndo kilikupeleka. Mbele kulia kwenye tuta, nyingi ni bushi ya kontrol amu, bol joint (kiungo kinachoshikia gurudumu kwenye amu) au linki ya stabilaiza (kafimbo kanakoshika ile nondo ya kuzuia gari kulala kwenye kona). Gari inyanyuliwe, fundi aweke wenzo kati ya amu na fremu asukume, bushi nzima inacheza kidogo na kurudi, iliyokufa utaona mpira umechanika kabisa na chuma cha ndani kinahama kivyake. Shika tairi juu na chini litikise, likicheza ni bol joint au bearingi. Shika kushoto na kulia litikise, likicheza ni tairodi, ile fimbo ya stelingi. Bol joint na tairodi hizo hazina mjadala, zikilegea sana zinaweza kuchomoka na gurudumu likalala, fanya siku hiyo hiyo. Wewe hawajakuandikia, ni jambo jema, lakini hakikisha mtu amezitikisa.

Linki ya stabilaiza ikigonga inaudhi tu, ni spea ndogo ya bei ndogo, na mara nyingi ndo mwenye kelele wakati mtu ameshauziwa shokapu nne. Shokapu tofautisha jasho na kuvuja. Vumbi limeshika unyevu kidogo juu, hilo ni jasho, inaendelea. Oili imeteremka mpaka chini na inadondoka, hiyo imekufa. Na zinabadilishwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili, sio lazima nne kwa mpigo. Sijawahi kuona gari shokapu nne zimekufa wiki moja.

Breki, hapa usibane hela lakini pia usitupe. Pedi mpya ina kama milimita 10 mpaka 12, ikifika 3 badilisha. Mwambie akutajie namba, sio "zimeisha". Diski zina unene wa chini kabisa umeandikwa kwenye diski yenyewe kwa kugongwa, pembeni au katikati, futa kutu utaona, ipimwe kwa kalipa ya kupimia unene. Kama iko juu ya hiyo namba na haitetemeshi stelingi na haina mifereji mirefu, diski inabaki.

Masega, hapo ndo naomba unisikilize vizuri kwa sababu robo ya bili iko hapo. Kodi waliyoisoma, yaani ile namba ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, ilikuwa P0420? Kama ni hiyo, hiyo kodi haisemi "masega yamekufa". Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada, ya mbele vipimo vyake vinapanda na kushuka haraka haraka, ya nyuma inatakiwa itulie. Kompyuta ikiona ya nyuma nayo inapanda na kushuka kama ya mbele ndo inaandika P0420. Sasa ekzosi ikiwa na tundu au gasketi imepulizwa karibu na hapo, hewa ya nje inaingia inaidanganya sensa, na sensa yenyewe ikizeeka pia inaweza kuleta hiyo hiyo. Kabla ya kununua masega gari iwashwe ikiwa ya baridi, usikilize chini kama kuna "tss tss" inayofuata mwendo wa injini, na utafute masizi meusi kwenye maungio ya ekzosi. Gari ikiwa haijapoteza nguvu na taa imewaka tu imetulia, una muda. Lakini taa ikianza KUPEPESA hiyo ni nyingine, mara nyingi plagi au koili haichomi, petroli mbichi inaenda kuunguza masega ya kweli, hapo toa mguu usimame.

Kasomaji kadogo ka kuchomeka chini ya dashibodi kanakoongea na simu kanakutosha kusoma kodi mwenyewe, gari ya 2006 karibu zote zina ile soketi ya pini 16. Jipatie kako, utakatumia miaka.

Kusafisha injekta na kuflashi gia, fungua kile kitabu cha gari, kama kiwanda hakijaandika kwa kilomita hizo basi ni hiari yako. Mafuta ya gia mimi nayapenda kubadilishwa, ila kwa kumwaga na kujaza, oili ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu, na hasa kama gia yako ni CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) usikubali oili nyingine yoyote. Filta ya AC iko nyuma ya dashbodi upande wa abiria kwenye gari nyingi, unaitoa kwa mikono dakika tano.

Wota pampu nijibu kwanza, injini yako ni ya cheni au ya taiming belti? Maana hapo ndo nitajua pampu inazungushwa na nini.

Mwendo_Pole

Mkuu fundi asante sana, nimeangalia kwenye kitabu ni cheni. Na kodi nimewapigia wamesema ndiyo ni P0420 peke yake.

Mama_Safari

Mimi naomba niongelee wota pampu kwa sababu naona kila mtu anapunguza orodha, na mimi nilipunguza nikapunguza kisichopunguzwa.

Miaka mitatu iliyopita niliandikiwa karatasi kama yako, pampu ikiwemo. Nilikuwa naona gari haiungui, geji iko katikati, nikasema hawa wanatafuta hela. Nilikuwa naongeza maji kidogo kwenye tanki la pembeni kila baada ya siku kumi hivi, nikaona ni kawaida ya gari kuukuu. Siku moja nipo kwenye mlima na foleni, AC imewaka, mume wangu akasema mbona kuna harufu tamu tamu kama sharubati imeungua, na mimi nikasema tufike tu ni karibu. Dakika zile kumi za "tufike tu" ndizo zilizonigharimu. Silinda hedi ya alumini ilipinda, gasketi ikapasuka, maji yakaingia kwenye oili, ile oili kwenye mfuniko ilikuwa rangi ya maziwa. Bili iliyokuja ilikuwa kama mara saba ya ile ya pampu niliyoikataa, na gari ilikaa gereji wiki tano nikiwa napanda mabasi na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujakata pampu kwenye orodha, chukua tochi uangalie chini ya pampu yenyewe. Kuna katundu kadogo kamewekwa makusudi na kiwanda, sili ya ndani ikianza kuachia maji yanatokea hapo. Ukiona mstari wa ukoko uliokauka, mweupe au wa rangi ya kulenti yako (yale maji ya kupoza injini), unaanzia kwenye hako katundu kushuka chini, hiyo pampu imeshakuaga, usisubiri. Kama ni pakavu kabisa waulize wameiandika kwa sababu gani.

Kweli_Tupu

Mimi nitaenda tofauti na wenzangu. Uza. Gari ya miaka hiyo ukirekebisha mbele itaharibika nyuma, bili ni theluthi mbili ya thamani yake, hapo hesabu imeshakataa yenyewe. Iuze ilivyo, ongeza hiyo hela uliyonayo uchukue nyingine.

fundi_spana14

@Kweli_Tupu nakuheshimu mkuu ila hiyo hesabu naiona kila wiki ikiwaumiza watu. Bili kuilinganisha na bei ya kuuzia sio swali lenyewe, swali ni hela hiyo hiyo ukiitoa itakupa nini kwingine. Akiuza ilivyo atapunjwa kwa sababu mnunuzi anasikia ile kelele na anaona taa, akiongeza robo ya bili atapata gari nyingine ya umri ule ule ambayo shokapu zake hajui hali yake, pampu yake hajui, oili yake ilibadilishwa na nani hajui. Hii ya kwake anaijua. Mimi nikiona injini haili oili, gia inaingia vizuri na bodi chini haijaliwa na kutu kwenye fremu na sehemu zinaposhikia amu, namwambia mtu tengeneza. Kutu ikifika kwenye fremu hapo nakubaliana na wewe, uza.

Kweli_Tupu

Sawa mkuu, kwenye kutu tumekutana. Basi ainyanyue aangalie chini kabla hajatoa hata senti.

Kaunta_Namba2

Niongeze kuhusu swali lake la mwisho, atajuaje fundi wa nje hamdanganyi, maana hatujalijibu. Usimpe ile karatasi ya dila. Ukimpa anasoma orodha anaitikia kila kitu kwa bei nafuu kidogo, na wewe unaona umeokoa kumbe umenunua vitu vile vile usivyovihitaji. Mwambie tu inagonga mbele kulia na taa imewaka, lipia ukaguzi wake, ondoka. Watu wawili wasiojuana wakitaja kitu kile kile bila kuoneshana, hicho amini. Na mwambie mapema kabisa kwamba spea za zamani zote unaondoka nazo kwenye boksi na hataongeza kazi yoyote mpaka akupigie. Fundi mkweli hata hashtuki.

Spea nazo, namba ya spea unaipata kwa namba ya chasisi. Kiwanda cha gari hakitengenezi kila kitu chenyewe, wota pampu nyingi zinatoka Aisin, sensa Denso, shokapu KYB, plagi NGK, ukinunua ya mtengenezaji yule yule kwenye boksi lake bila boksi la kampuni ya gari inashuka bei vizuri tu. Ila nunua kwa mtu anayekubali kuirudisha, feki zipo nyingi na boksi linafanana.

Mwendo_Pole

Wakuu nimerudi, zimepita siku kumi na moja, nimesema siwezi kuchukua ushauri wenu bure halafu nikapotea.

Nilirudi dila kama mlivyosema, nikamwomba yule yule dada ile fomu ya fundi. Akasita kidogo, akaenda ndani, akaja nayo. Nyekundu zilikuwa mbili tu kwenye ukurasa mzima, bushi ya kulia na wota pampu. Pedi za mbele zimeandikwa kwa kalamu milimita 7. Shokapu za nyuma ni kijani jamani, kijani, na kwenye makadirio zipo. Nilimwonesha sikupandisha sauti, akaomba radhi akasema mfumo unachukua seti nzima. Nikauliza na wito wa kiwanda, akaingiza namba ya chasisi, ikatoka eabegi ya abiria haijawahi kufanyiwa. Ile siti anakaa mke wangu. Wamenipangia siku mbili baadaye, wameibadilisha, sijalipa chochote.

Kisha nikaenda kwa fundi wa nje niliyeelekezwa na jirani, sikumpa karatasi. Akainyanyua, akanichukua mkono akaniweka chini ya gari na tochi. Bushi ya kulia mpira umekatika mzunguko wote, akiingiza wenzo amu inaenda mbele na nyuma kama upana wa kidole, na ya kushoto ina nyufa lakini bado imeshika. Pampu, Mama Safari nakushukuru sana, ule mstari ulikuwepo vile vile ulivyosema, wa pinki uliokauka, unaanzia kwenye katundu unashuka mpaka kwenye bloku. Kama ningeikata kwenye orodha ningeikata hiyo hiyo maana gari haikuwa inachemka. Yeye hakutaja shokapu kabisa mpaka nilipomuuliza, akasema za mbele zina jasho, tuonane baada ya mwaka.

Masega sasa. Akaiwasha asubuhi ikiwa imelala usiku kucha, ile sauti ya "tss tss" ilikuwa wazi kabisa kwenye maungio ya kwanza ya ekzosi, gasketi imeungua na kuna masizi pembeni. Kabadilisha gasketi na bolti mbili zilizoliwa, kafuta kodi. Leo ni siku ya tisa nimetembea karibu kilomita 400 na taa haijarudi, nasoma kodi kwa kale kadude ka simu kila jioni. Najua inaweza kurudi, lakini ile robo ya bili bado iko mfukoni kwangu.

Nilichofanya kwa jumla ni bushi mbili za mbele, pampu na belti kwa pamoja, kulenti mpya, gasketi ya ekzosi, na alaimenti (kunyoosha magurudumu) mwishoni. Imekuja chini kidogo ya theluthi ya makadirio ya kwanza, imenibana lakini sikukopa. Filta ya AC nimeitoa mwenyewe na binti yangu, ilikuwa na majani makavu kibao. Chini hakuna kutu ya kutisha, Kweli_Tupu nimekusikiliza na hilo pia.

Zimebaki gasketi ya tapeti kava, inalowesha tu haidondoki, na ile maunti ambayo inatetemesha kidogo nikisimama na gia imeingia. Fundi kasema zisubiri mwezi wa kubadili oili, nimeziandika nyuma ya kitabu cha gari na kilomita zake, 187,940.

Mama_Safari

Nimefurahi mdogo wangu, hasa hiyo eabegi. Tanki la kulenti liangalie asubuhi injini ikiwa ya baridi kwa wiki mbili hizi za mwanzo, pampu mpya ikifungwa huwa kuna hewa inabaki ndani na kiwango kinashuka kidogo, ongeza mpaka kwenye mstari. Kikiendelea kushuka baada ya hapo mrudishie fundi.

Mwendo_Pole

Sawa dada, nimeshaweka alama kwa maka ya bluu pembeni ya tanki.